Bei ya Wino wa Jenerali

Sisi tuliokulia na albamu za picha tunajua kwamba picha husomwa pande mbili. Mbele yuko shangazi, kasimama kando ya maua ya plastiki ya studio, mkono mmoja juu ya stuli, uso mkavu kwa sababu mpiga picha kamwambia asitikisike. Ukiigeuza unakutana na mwandiko uliolala upande: pokea picha hii iwe ukumbusho, kisha jina, tarehe, na mara nyingine mji. Picha isiyo na maneno nyuma ilikuwa kama yatima. Ilipewa nafasi yake kwenye albamu, lakini baada ya miaka kadhaa hakuna aliyejua imetoka kwa nani wala ililetwa kwa ajili ya nani.

Albamu hizo zilinirudia akilini nilipoanza kufuatilia habari za watu wanaokusanya picha za majenerali zenye saini. Hawataki nakala za vitabuni wala mabango. Wanataka picha ambayo jenerali mwenyewe aliishika, akachovya kalamu, akaandika jina lake. Ukiipima hesabu yao kwa akili ya sokoni, inachekesha. Picha ya Bernard Montgomery akiwa na bereti yake ya beji mbili utaipata bure kwenye simu kabla chai haijapoa. Picha hiyo hiyo ikiwa na mstari mmoja wa wino chini yake, watu wanaigombea mnadani. Tofauti yote ya bei imelala kwenye sentimita chache za wino.

Kinachouzwa, basi, ni mkono. Mnunuzi analipia uhakika kwamba mkono fulani, ule ulioamuru watu waende kufa au uliotia saini ya kusalimu amri, ulipita juu ya kipande hiki cha karatasi. Ujanja wote wa biashara hii, na utapeli wake wote, unazunguka swali moja: je, mkono huo ulikuwapo kweli?

Mchezo wenyewe ulianza picha ilipokuwa rahisi. Mwaka 1854, jijini Paris, mpiga picha André Adolphe Eugène Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa, mara nyingi nane, kwenye bamba moja la kioo, kisha kuzikata na kuzibandika kwenye vikadi vidogo vya ukubwa wa kadi ya kujitambulisha. Gharama ikashuka. Mtu wa kawaida akaweza kumiliki sura ya mfalme, mwimbaji au jenerali kwa bei ya mlo. Miaka saba baadaye Marekani ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vikadi hivyo vikawa na soko lisilowahi kuonekana. Studio ya Mathew Brady iliwapiga picha makamanda wa Kaskazini, na kampuni ya Anthony ya New York ikazichapa na kuziuza kwa wingi. Kila sebule yenye uwezo ilikuwa na albamu mezani: jamaa aliyekwenda vitani ukurasa huu, Jenerali Grant ukurasa wa pili.

Kuhusu Ulysses Grant kuna kisa kinachosimuliwa tangu enzi hizo. Machi 1864 alifika Washington kukabidhiwa uongozi wa majeshi yote ya Kaskazini, akapelekwa kwa Brady apigwe picha. Giza lilikuwa linaingia. Msaidizi akapanda darini kuondoa pazia la dirisha la juu ili mwanga upenye, akateleza, na vioo vizito vikaporomoka pembeni mwa jenerali. Inasemekana Grant alitazama juu tu, kisha akarudisha macho kwenye kamera. Kiwe kimetiwa chumvi au la, hiki ndicho kisa anachokinunua mtu anaponunua kadi ya Grant yenye saini. Anataka kushika kitu cha mtu ambaye vioo vilimwangukia asipepese.

Wakusanyaji wa kadi za vita hivyo wana jambo moja wanalolipenda ambalo mimi pia limenifurahisha, nalo ni kodi. Kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 serikali ya Marekani ilitoza ushuru wa stempu kwenye picha ili kugharamia vita. Mpiga picha alitakiwa kubandika stempu nyuma ya kadi, ya senti mbili, tatu au tano kulingana na bei, na kuifuta kwa kalamu, mara nyingi kwa herufi za jina lake na tarehe. Leo stempu hiyo ni shahidi. Kadi yenye stempu imeuzwa ndani ya miezi ile 23, na muuzaji anayekuapia kwamba kadi ya namna hiyo ilisainiwa mwaka 1862 amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Mkusanyaji mzoefu huitazama sura mwisho. Huanza kwa kugeuza nyuma, kama tulivyofundishwa na albamu za shangazi.

Kifo nacho kina sehemu kubwa katika bei. Thomas Jackson wa Kusini, yule waliyemwita Stonewall, alipigwa risasi na askari wake mwenyewe gizani, akafa Mei 1863. Hakupata muda wa kusaini picha za mashabiki, kwa hiyo picha yake yenye saini halisi ni adimu kama maziwa ya kuku. Robert E. Lee alisalimu amri Aprili 1865, akaishi miaka mitano na ushei akiwa mkuu wa chuo huko Lexington, Virginia. Barua za kumwomba picha zilimiminika, naye akasaini nyingi, kwa mwandiko wa kiungwana usio na mbwembwe: R E Lee. Mshindwa akawa na saini nyingi sokoni kuliko shujaa aliyekufa akiwa anashinda. Soko la wino halijali nani alishinda vita. Linauliza tu nani aliishi muda wa kutosha kujibu barua.

Montgomery aliishi muda huo, na zaidi. Huyu anastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu alikuwa mkusanyaji kabla ya kukusanywa. Akiwa vitani Afrika Kaskazini na baadaye Ulaya, alilala na kufanya kazi ndani ya magari ya msafara yaliyogeuzwa ofisi, na ukutani alitundika picha ya Erwin Rommel, adui yake. Alisema alitaka kumtazama mtu usoni ili ajue anafikiri nini. Wapo wanaoona ni busara ya kivita, wapo wanaoona ni maringo. Mimi naona ni ugonjwa ule ule wa kutaka sura ya mtu mkubwa iwe karibu nawe. Mei 1945, Wajerumani walipotia saini hati ya kusalimu amri mbele yake kwenye uwanda wa Lüneburg, makao makuu ya Eisenhower yaliitaka hati hiyo. Montgomery akawapelekea nakala za picha, halisi akabaki nayo. Baadaye ikaishia kwenye jumba la makumbusho ya vita la Uingereza, lakini kwa miaka mingi jenerali huyo alikuwa na saini ambayo mkusanyaji yeyote angeiuzia nyumba.

Saini yake mwenyewe inafundisha jambo. Wakati wa vita aliandika B. L. Montgomery. Mwaka 1946 alipewa ukabaila wa Alamein, na kuanzia hapo akasaini Montgomery of Alamein. Kwa hiyo picha ya jangwani ya mwaka 1942 yenye saini hiyo ndefu inaweza kuwa halali kabisa, ila haikusainiwa jangwani. Ilisainiwa baadaye, pengine kwenye meza yenye chai na biskuti. Muuzaji mwongo anaiuza kama kitu kilichopitia mchanga na moshi. Mnunuzi anayejua vyeo anacheka kimoyomoyo na kutoa nusu ya bei.

Hapo ndipo uhodari wa watu hawa unapoanza kunishangaza. Wamegeuka wapelelezi wa vitu vidogo. Wino wenyewe una umri. Kalamu ya bolpeni ya László Bíró ilianza kupata hataza mwaka 1938, na haikuuzwa kwa fujo Marekani hadi Oktoba 1945. Ukionyeshwa picha ya Lord Kitchener, aliyezama na meli Juni 1916, ikiwa na saini ya bolpeni, hakuna haja ya kubishana. Kalamu nene za wino wa kukauka haraka, zile zinazonuka, zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Karatasi nayo ina umri: kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia kwenye karatasi za picha kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya taa ya urujuanimno karatasi hizo huwaka kwa rangi ya buluu. Picha ya jenerali wa Vita vya Kwanza ikiwaka hivyo, imechapwa juzi. Chombo cha kazi hiyo ni tochi ndogo, kama ile wanayopimia noti bandia wauza duka wetu.

Halafu kuna saini zilizochapwa. Paul von Hindenburg wa Ujerumani alikuwa kwenye postikadi kila mahali wakati wa Vita vya Kwanza, na nyingi kati ya hizo zina saini yake ambayo ni sehemu ya chapa yenyewe. Iweke chini ya kioo cha kukuzia: wino wa kalamu hukaa juu ya uso wa picha, huacha mng'ao wake, na pale mistari inapokatana hujilimbikiza. Saini ya chapa ni bapa, au imejaa vidoti. Bibi wa Kijerumani aliyeinunua mwaka 1916 hakutapeliwa, alijua anachonunua. Anayetapeliwa ni mjukuu wake anayeipeleka mnadani.

Kikwazo kigumu kuliko vyote ni mashine. Tangu miaka ya 1940 Wamarekani wamekuwa na chombo kinachoshika kalamu na kuifuatisha saini ya mtu kutoka kwenye kiolezo, mamia kwa siku bila kuchoka. Wanasiasa na wakubwa wa jeshi wakaipenda, maana barua za mashabiki hazina mwisho. Mwaka 1965 mtaalamu wa saini Charles Hamilton alitoa kitabu kizima kuhusu namna mashine hiyo ilivyomsainia John Kennedy. Kuna njia ya kuikamata, nayo ni nzuri kwa urahisi wake: hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Chukua saini mbili, zipandanishe dhidi ya mwanga. Zikilingana kila kona, kila mkunjo, ni za mashine. Makosa madogo, mkono uliotetemeka, herufi iliyokosa nafasi ikabanwa ukingoni, hayo ndiyo yanayolipiwa.

Siwezi kuuacha upande wenye giza. Baadhi ya makamanda wanaotafutwa sana ni wa Hitler. Karl Dönitz, aliyeongoza jeshi la majini la Ujerumani na kumrithi Hitler kwa wiki chache, alifungwa miaka kumi baada ya kesi ya Nuremberg, akatoka, akaishi Aumühle karibu na Hamburg hadi 1980, na huko aliwajibu watu waliomwandikia kuomba saini. Kwa hiyo saini zake zipo tele. Rommel alilazimishwa kunywa sumu Oktoba 1944, saini zake ni chache, na wanaoghushi wanafanya kazi usiku na mchana. Wapo wakusanyaji wanaosema historia ni historia, wanaweka vyote pamoja. Wapo wanaokataa kutoa hata senti. Mimi sioni ubaya wa kitu hicho kukaa kwenye jumba la kumbukumbu. Naona ubaya pale kinapofungwa fremu ya dhahabu na kutundikwa juu ya sofa.

Kwetu Afrika Mashariki majenerali wa namna hii walipita, na wengine walibaki. Robert Baden-Powell, aliyelinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, katika mzingiro wa siku 217 mwaka 1899 hadi 1900, alimalizia maisha yake Nyeri katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Alikufa humo Januari 1941, na kaburi lake linatazamana na Mlima Kenya. Ulimwengu ulimjua zaidi kama baba wa maskauti, na maskauti ni watu wa kuandika barua, kwa hiyo picha zake zenye saini zimetapakaa duniani. Alijulikana pia kwa kuchora kwa mikono yote miwili, jambo ambalo nadhani limewakosesha usingizi wapima mwandiko wengi. Ni jemadari wa ajabu: wakati wa mzingiro ule sura yake iliwekwa kwenye stempu za mji, hivyo akawa kitu cha kukusanywa kabla vita havijaisha.

Lakini jina linalotugusa zaidi ni la Paul von Lettow-Vorbeck. Novemba 1914 aliwashinda Waingereza Tanga. Kisha kwa miaka minne aliwakimbiza, au walimkimbiza, kupitia Tanganyika, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, hadi aliposalimu amri Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Machi 1919 alipita Lango la Brandenburg, Berlin, akishangiliwa kama mshindi. Kofia yake pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja ikawa kwenye postikadi na vitabu. Aliishi hadi Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 93, na kwa hiyo alisaini kwa kalamu ya kuchovya, ya kujaza wino, na huenda ya bolpeni pia. Kwake hila ya kupima wino haifiki mbali.

Ujerumani ya leo haimtazami tena kwa jicho lile. Alikuwa ofisa katika vita dhidi ya Waherero, na mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri. Mji wa Hannover uliifuta barabara yenye jina lake na kuiita kwa jina la Namibia. Huku kwetu, kumbukumbu yake ni ghala lililochukuliwa na njaa iliyofuata. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kupita 90,000. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wa Dar es Salaam wakalibana jina hilo hadi likawa Kariakoo. Kila siku maelfu wanashuka daladala wakilitaja bila kujua wanataja maiti. Askari wa shaba aliyesimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 ana maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na hana jina la mtu hata mmoja.

Ndiyo maana katika biashara yote hii ya saini za Lettow-Vorbeck, kitu ambacho ningekitolea jasho ni kingine. Aliposalimu amri, baadhi ya askari wake walipewa vyeti vya kuthibitisha kwamba walitumikia na kwamba wanadai mishahara yao. Walirudi navyo makwao. Fikiria karatasi hiyo miaka 46 katika nyumba ya makuti, kwenye mvua za masika, mchwa wakipanda ukutani. Mkusanyaji wa Hamburg anaitunza picha yake katika karatasi isiyo na asidi, mbali na jua. Mzee wa Usukuma aliikunja yake ndani ya kitambaa, akaificha kwenye mianzi ya paa, na akaomba Mungu.

Mwaka 1964, mwaka ule ule jenerali alipokufa, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari waliobaki hai. Kisa cha malipo hayo kimeandikwa na wanahistoria zaidi ya mmoja. Ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Waliokuwa bado na vyeti walihesabika kwa vidole. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Wengine hawakuwa na chochote isipokuwa maneno yao. Ofisa wa benki aliyeleta fedha kutoka Ujerumani alikuwa mbele ya tatizo lile lile la wakusanyaji: nitajuaje kwamba huyu ndiye?

Hakuwa na kioo cha kukuzia wala taa ya urujuanimno. Akaagiza fagio. Kila mzee aliposogea mezani alipewa fagio hilo kana kwamba ni bunduki, na ofisa akatoa amri kwa Kijerumani, amri za gwaride ambazo wengi wao hawakuzisikia tangu Abercorn. Fagio begani, fagio chini, heshima toa. Mikono ya wazee wa miaka sabini na zaidi ikafuata, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza. Wote wakalipwa.